Usimalizie Kuponi kwa Soseji: Mwongozo wa Kula Disney kwa Chakula Ulichokwisha Kulipia

Watu huandaa safari ya Walt Disney World kwa miezi. Hoteli wanazilinganisha, tiketi za ndege wanazivizia usiku wa manane, viatu vya kutembelea wanavinunua mapema ili vizoeane na miguu. Likija suala la wapi wale, wanaliachia tumbo. Tumbo si mshauri wa pesa. Saa saba mchana, jua la Florida likiwa utosini, mdogo analia na mkubwa amenuna, tumbo litakuburuta hadi kaunta iliyo karibu, utanyoosha mkono ulipie, na hapo ndipo mpango wa chakula uliougharimia kwa mamia ya dola utakapoanza kuvuja. Nataka tuzibe tundu hilo kabla hujafunga sanduku.

Nawaandikia jamaa zetu walioko Marekani ambao kila likizo ikikaribia huulizwa swali lile lile, "Tunaenda lini kwa Mickey?", na wale watakaotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda kuwatembelea, wakajikuta nao wametiwa kwenye msafara.

Mpango wenyewe uko hivi. Disney iliuanzisha kwa sura tunayoijua mwaka 2005, ikausimamisha mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, ikaurudisha tarehe 9 Januari 2024. Huuzwa kwa wageni wanaolala kwenye hoteli za Disney zenyewe tu, na huhesabiwa kwa usiku. Uko wa aina mbili. Ule mdogo unakupa kwa kila usiku kuponi 2 za mlo wa kaunta, yaani unaagiza mwenyewe na kubeba sinia lako, pamoja na kuponi 1 ya kitafunwa. Ule mkubwa unachukua mlo mmoja wa kaunta na kuugeuza mlo wa mezani, wa kukaa na kuhudumiwa. Katika mipango yote miwili kila mtu hupewa kikombe cha kujaza vinywaji hotelini. Mwaka ule uliporudi, mdogo uliuzwa dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto. Mkubwa ulikuwa dola 94.28 kwa mtu mzima na 29.69 kwa mtoto. Bei hupandishwa, lakini ukishaijua njia ya kupiga hesabu utaipiga kwa bei ya mwaka wowote.

Basi shika kalamu. Kikombe dukani ni dola 20 na ushee, kwa hiyo mgeni wa usiku 5 amekilipia kama dola 4 kwa usiku. Kitafunwa tukihesabu dola 6. Ukitoa hizo kwenye mpango mdogo, zinabaki dola 47 za milo miwili, yaani kila mlo wa kaunta umeulipia takriban dola 23 na nusu. Peleka hesabu hiyo kwenye mpango mkubwa na utaona mlo wa mezani umekugharimu kama dola 60. Bei ya mpango ina kodi ndani yake, ile ya kwenye menyu haina, na Orange County hutoza asilimia 6.5. Kwa hiyo, kwa bei za 2024, kariri namba mbili: 22 na 57. Mlo wa kaunta pamoja na kinywaji usipofika dola 22 kwenye menyu, umepunjika. Mlo wa mezani, kinywaji na kitindamlo visipofika dola 57, umepunjika zaidi. Disney huweka menyu zake na bei zake kwenye tovuti na kwenye programu ya simu. Hakuna cha kubahatisha, isipokuwa kwa mtu anayependa kubahatisha na pesa za nyumbani kwake.

Jambo la kushika ni kwamba kuponi haina bei. Mlo wa kaunta wa dola 15 unakula kuponi moja, na wa dola 27 unakula kuponi moja. Disney wameshachukua chao tangu siku ulipolipa. Kilichobaki mikononi mwako ni kuchagua mkahawa.

Tuanze kaunta, maana huko ndiko kuponi nyingi zinakofia. Casey's Corner iko mwisho wa Main Street katika bustani ya Magic Kingdom, karibu na kasri la Cinderella. Kinanda kinapigwa nje, harufu ya soseji inakuja hadi barabarani. Nimemtazama baba mmoja pale akiagiza mikate minne ya soseji na soda nne. Akasogeza bangili yake ya MagicBand, ambayo kuponi hukatwa kupitia kwayo, kwenye kisomeo, duara lenye masikio ya Mickey likawaka kijani, watoto wakashangilia ile taa. Risiti ikatoka, na chini yake imeandikwa milo iliyobaki. Akaikunja, akaitia mfukoni bila kuisoma. Kuponi nne zilikuwa zimekwenda kwa soseji. Kama angelipa taslimu na kuzihifadhi zile kuponi hadi jioni, familia ingekula vizuri mara mbili kwa siku hiyo. Soseji si haramu kwenye mpango huu. Ni kwamba mtu huzinunua kwa dola, hazinunui kwa kuponi. Na risiti isomwe palepale, kwa sababu ndilo daftari lako.

Umbali wa kutembea dakika chache kutoka pale ipo Columbia Harbour House. Wanauza samaki na kamba, na wana ghorofa ya juu ambayo wageni wengi hawaijui. Panda ngazi na sinia lako. Huko kuna kiyoyozi, kuna kimya, na mzee mliyekuja naye ataweza kuvua viatu chini ya meza bila mtu kumwona. Mimi nahesabu kivuli na kiti kuwa sehemu ya mlo. Siku ya Julai kule Florida mvua ya radi hupiga alasiri, na aliyepanga kula muda huo anakuwa ndani na sahani mbele yake wakati wenzake wanakimbilia makoti ya plastiki madukani.

Kwenye bustani ya Animal Kingdom, kaunta zinazostahili kuponi yako ni mbili. Flame Tree Barbecue wanachoma nyama kwa moshi, na meza zao zinashuka kidogo kidogo hadi ukingoni mwa maji, ng'ambo ya mlima bandia wa Expedition Everest. Mbavu zao ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula aagize kuku. Nyingine ni Satu'li Canteen, ndani ya eneo la Pandora lililofunguliwa mwaka 2017. Pale unajengewa bakuli: unachagua cha chini, mfano wali na maharage, unachagua kuku, nyama ya ng'ombe au tofu, kisha mchuzi. Kwa familia ambayo mmoja hali hiki na mwingine hali kile, sijaona kaunta inayomaliza mabishano haraka kuliko hiyo. Anayetaka nyama ya halali aulize mapema anapoweka nafasi kwenye mikahawa ya mezani. Kaunta asizitegemee kwa hilo. Ashike samaki au mboga.

Kinywaji nacho kina hesabu yake. Watu huomba soda kwa mazoea ilhali kuponi hiyo hiyo ya mlo, pale vinapouzwa, inaruhusu milkshake au smoothie, na kwa mwenye miaka 21 na zaidi inaruhusu bia au kokteli. Sisemi mtu anywe asichotaka. Nasema kwamba asiyegusa pombe asione haya kuagiza milkshake kubwa, maana ameilipia sawasawa na jirani yake mwenye bia. Maji ya baridi ya kikombe ni bure kwenye kaunta zinazouza soda, omba tu. Kutumia kuponi ya kitafunwa kwa chupa ya maji ni kumchangia tajiri harusi. Kitafunwa kipeleke Aloha Isle, eneo la Adventureland katika Magic Kingdom, ukachukue aiskrimu ya Dole Whip. Bora zaidi, kama safari yako imeangukia tamasha la chakula la bustani ya EPCOT, kipeleke kwenye vibanda vya nchi mbalimbali, ambako visahani vingi vinakubali kuponi hiyo na bei zake zinapita dola 6 kwa urahisi. Hapo ndipo kitafunwa kinapokuwa chakula.

Kikombe hakifanyi kazi ndani ya bustani. Ni cha hotelini tu, na kina chipu inayohesabu siku zako. Jaza chai asubuhi, jaza tena usiku, basi.

Sasa meza, ambako pesa kubwa ilikwenda. Mikahawa ya mezani iko ya kuponi moja na ya kuponi mbili, na ni hapa wageni wengi wanaponaswa. California Grill iko juu kabisa ya hoteli ya Contemporary, na mafataki ya Magic Kingdom yanaonekana kutoka dirishani. Ni kuponi mbili. Jiko, ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ni kuponi mbili. Cinderella's Royal Table, ndani ya kasri lenyewe, ni kuponi mbili. Rudi kwenye namba zetu: kuponi mbili ni dola 114 za menyu kwa kila mtu mzima, na penye menyu ya kuagiza sahani moja moja vianzio havimo, kwa sababu mlo wa mezani hapo ni mlo mkuu, kitindamlo na kinywaji tu. Ni nadra kuzifikia hizo dola bila kujilazimisha. Ukiitamani California Grill, nenda na kadi yako ya benki, ule kwa raha, kuponi zako uziache kwa usiku mwingine. Kasri la Cinderella nalihukumu tofauti. Kama binti yako wa miaka 5 ameliota tangu mwaka jana, mpeleke. Ila jua kwamba siku hiyo umetumia chakula cha jioni cha siku mbili, na upange wiki yako hivyo tangu nyumbani, usije ukaligundua siku ya nne.

Kuponi moja hupata thamani yake kwenye bufee za wahusika, yaani pale Mickey na wenzake wanapopita meza hadi meza. Chef Mickey's iko ndani ya Contemporary hiyo hiyo, ambamo treni ya reli moja inapita katikati ya jengo juu ya vichwa vya wageni. Mtoto asiyependa kula atakula kwa ajili ya kuisubiri ile treni. Kwa mtu mzima, bei yake ya jioni inavuka mstari wa 57 bila shida. Bei ya asubuhi iko chini yake, na kuponi ni ile ile moja. Kwa hiyo kanuni yangu ni kali: bufee ya wahusika ni ya jioni au mchana. Asubuhi kuleni mkate na matunda mliyonunua supamaketi. Ninaoukubali ni upenyo mmoja tu, Topolino's Terrace katika hoteli ya Riviera, ambako kifungua kinywa chenye wahusika ni kuponi moja na chakula cha jioni ni mbili. Huko asubuhi inashinda.

Ipo sehemu moja ambayo msomaji wa Kiswahili hataipita bila kusimama. Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na ndani yake kuna kijiji cha Harambe, ambacho wabunifu wakiongozwa na Joe Rohde walikijenga kwa mfano wa Lamu. Kuta zinaonekana zimeliwa na chumvi ya bahari, mabango yameandikwa Kiswahili, kuna kibanda kinaitwa Tamu Tamu na baa inaitwa Dawa. Mtu wa Pwani akifika hapo moyo unamlainika, na moyo ukilainika mkono nao unafunguka. Tulia. Uamuzi wa kuponi uutoe kwa menyu, hata kama jina lililo mlangoni ni la kwenu.

Na menyu ya Harambe inakubaliana na moyo. Tusker House ni kuponi moja, mnakula hadi mseme basi, na Donald anakuja mezani amevaa nguo za safari. Mtoto wa ndugu yangu alikuwa ameshika paja la kuku alipomwona bata huyo anakuja. Alilishika hivyo hivyo, hakulila wala hakuliweka chini, mpaka Donald alipomfikia na kumpa mkono. Ikabidi ampe ule mwingine. Kwa mlo wa mchana au jioni pale hutajuta.

Ukitoka bustanini jioni hiyo hiyo, panda basi la bure uende Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001. Si lazima uwe umelala pale ili ule pale. Boma ni bufee ya kuponi moja isiyo na wahusika, na bei yake ya jioni inagusagusa ule mstari wetu. Ndipo mahali ninapowapeleka wazee. Kuna supu, kuna nafaka, kuna bobotie ya Afrika Kusini, na mama aliyechoka na mikate ya Kimarekani atapata cha kutia tumboni bila kunung'unika. Vile vitindamlo vidogo vyenye milia ya pundamilia, ambavyo kila mtu atakusifia, vina likeri ndani yake. Mwislamu ajue kabla mtoto hajavisogeza karibu. Upande wa pili, Kidani Village, kuna Sanaa, wanaopika kwa viungo vya Kihindi na Kiafrika. Madirisha yao yanatazama uwanda wenye twiga na pundamilia. Bei za Sanaa ziko chini ya 57, na kwa hiyo kwa hesabu kavu naikataa kama mahali pa kuponi. Kwa taslimu, mchana, kabla jua halijazama na wanyama hawajapotea gizani, ni mlo bora kuliko mingi niliyoitaja.

Haya yote ni maneno tu kama hujaweka nafasi. Wageni wa hoteli za Disney hufunguliwa kuweka nafasi siku 60 kabla ya siku ya kuingia, na hapo wanaweza kupanga meza za hadi siku 10 za kukaa kwao. Amka saa 12 asubuhi kwa saa za Florida siku hiyo, kikaratasi cha majina kiwe mezani, anza na mikahawa inayojaa upesi na siku zako za mwisho, kwa sababu siku za mwisho ndizo wageni wengine hawajazifikia bado. Mkibadili nia, futa mapema. Mahali pengi hutoza dola 10 kwa kila mtu asiyetokea, na hiyo ni dola 40 za familia ya watu wanne kwa chakula ambacho hakuna aliyekionja.

Bakshishi kwa kawaida haimo kwenye mpango. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wetu wakiinuka mezani wakidhani wamekwisha maliza. Meza ya watu 6 na zaidi hukatwa asilimia 18 yenyewe, lakini meza ya wanne inakuachia dhamiri yako. Sheria ya Florida inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 3.02 pungufu ya kima cha chini kwa saa, kwa hesabu kwamba mgeni ndiye atakayefidia. Mgeni huyo ni wewe. Tenga asilimia 18 hadi 20 ya bei ya menyu kwa kila meza, uiweke kwenye bajeti tangu mwanzo, na uitoe kwa uso mkunjufu.

Watoto ndio kiini cha uamuzi wote. Angalia tena zile bei za 2024: mtoto akihama kutoka mpango mdogo kwenda mkubwa anaongezewa dola 5.86 tu kwa usiku, na kwa hizo anakaa mezani na Mickey. Bufee moja ya jioni peke yake inarudisha bei yake ya siku nzima. Lakini Disney humhesabu mtoto kuwa wa miaka 3 hadi 9. Akitimiza 10 ni mtu mzima, analipa kama baba yake hata kama anakula vijiti viwili vya kuku na kuomba kwenda kuogelea. Aliye chini ya miaka 3 hahitaji mpango. Kwenye bufee anakula bure, kwingine anakula sahani ya mama. Na wote walio chumba kimoja, kuanzia miaka 3, lazima wawe kwenye mpango mmoja, kwa hiyo huwezi kuwanunulia watoto peke yao. Kwa safari za mwaka 2026 Disney ilitangaza kuwa watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapata mpango bila malipo pale watu wazima wanaponunua wao, na hilo linaigeuza hesabu kabisa kwa wenye watoto wadogo.

Kuponi zisizotumika hufa usiku wa siku mnayoondoka, wala hakuna kurudishiwa. Ziangalie siku moja kabla. Zikibaki za vitafunwa, chukueni biskuti na pipi zilizofungwa mwende nazo kwa majirani. Lakini msishibe kwa kulazimisha. Mtoto aliyeshindiliwa bufee mchana na bufee jioni atalala mapema, mafataki yatapigwa bila yeye, na mafataki hayo ndiyo mliyoyafuata.

Uamuzi wangu ni huu. Familia yenye watoto wa miaka 3 hadi 9, iliyo tayari kukaa mezani kila jioni na kuamka siku 60 kabla kuweka nafasi, inunue mpango mkubwa. Wenye vijana wa miaka 10 na kuendelea, wanandoa, na wazee wanaokula kidogo, walipe taslimu kila wanapokula. Watatumia kidogo na watachagua kwa uhuru. Ule mpango mdogo simshauri mtu yeyote anayekunywa maji. Kabla hujabonyeza kulipa, chukua menyu za mikahawa mitano unayoitaka, jumlisha, linganisha na bei ya mwaka wako. Hesabu hiyo ni ya nusu saa, na hakuna mtu Disney atakayeipiga kwa niaba yako.